Baiskeli Hulala Ndani

Baba yangu alikuwa boda wa baiskeli kule Busia, kabla neno hilo halijahamia kwenye pikipiki. Alibeba watu na mizigo kuvuka mpaka, upande wa Kenya hadi upande wa Uganda na kurudi, na jioni alipanda Black Mamba yake kilomita kama sita hadi nyumbani. Baiskeli haikulala nje hata siku moja. Ilipitishwa mlangoni kabla ya baba mwenyewe, ikaegemezwa ukutani pale sebuleni, katikati ya kabati la vyombo na kitanda tulicholalia mimi na kaka yangu, ndipo taa ikapunguzwa. Mwizi angechukua kuku tungelia tukanyamaza. Angechukua baiskeli, tungetolewa shule.

Kwa hivyo, miaka mingi baadaye, mama mwenye nyumba wangu wa Minneapolis aliponiuliza kama nina mpango wa kuweka baiskeli ndani, nilimwangalia kama mtu aliyeniuliza kama nina mpango wa kumlaza mtoto ndani. Nikamwambia ndiyo. Akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akasema sawa, lakini nichunge mbao.

Ilikuwa Septemba. Septemba ya Minneapolis haikuambii kitu.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, orofa mbili, imepita miaka mia. Yeye aliishi chini, mimi juu, chumba kimoja na kijiko (hivyo ndivyo tulivyoita kijikoni kwangu, kwa sababu kilitosha kijiko tu). Sakafu ilikuwa ya mwaloni, mbao nyembamba zilizoshikana meno kwa meno, rangi ya asali. Marehemu mumewe ndiye aliyeikwangua na kuipaka vanishi kwa mikono yake, kiangazi cha mwisho kabla hajaugua. Hilo aliniambia siku ya kunipa funguo, kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza siku ya kutoa takataka. Nililipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya dola 950. Sheria ya Minnesota inampa mwenye nyumba wiki tatu kukurudishia amana ukishahama, au akuandikie kwa nini hakurudishii. Mkataba wangu uliisha mwisho wa Mei. Pesa hizo nilikuwa nimeshazipangia kazi. Mama alikuwa bado anapiga magoti kusiriba sakafu yake kwa mavi ya ng'ombe, na magoti yalikuwa yamekataa. Nilimwahidi saruji.

Gari sikuwa nalo. Kazi yangu ilikuwa ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuingia saa tano kasorobo usiku na kutoka saa moja asubuhi. Basi lilikuwepo, lakini usiku wa Jumapili ungelisubiri mpaka ukumbuke dhambi zako zote. Baiskeli nilinunua kuukuu kwa dola 120, ya chuma, nzito, yenye madigadi na keria. Nadhani niliichagua kwa sababu ilifanana na ile ya nyumbani. Na kuna njia moja inaitwa Midtown Greenway, ambayo zamani ilikuwa reli, imezama chini ya usawa wa mitaa kama mfereji mkubwa, urefu wake maili 5 na nusu. Theluji ikianguka, mashine huipitia mapema. Nimewahi kupita humo saa kumi na mbili asubuhi siku ya mapumziko, theluji pembeni inanifika kiunoni, katikati njia safi, kimya kabisa, nikajiona kama mtu aliyefunguliwa njia na Musa.

Sasa theluji. Mtu wa Busia anaijua theluji kwa sinema, na kwa sinema theluji ni kama unga: unajikung'uta, inaisha. Novemba ilipoanguka ya kwanza nilirudi kazini nikiwa na furaha za kitoto, nikapandisha baiskeli ngazi, nikaipangusa tandiko kwa mkono wa glavu, nikaiegemeza ukutani karibu na mlango, nikala mkate, nikalala. Niliamka saa nane mchana. Pale chini kulikuwa na dimbwi la urefu wa mtu aliyelala.

Kumbe ile inayoonekana si kitu. Theluji yenyewe inajificha ndani ya madigadi, imeshindiliwa na tairi kama matofali. Inajificha nyuma ya gurudumu la meno, kwenye breki, kwenye kona zote ambazo fundi angeweka grisi. Inakaa humo saa mbili, tatu, halafu inaachia. Na ikiachia haiwi maji. Inakuwa uji mweusi wenye mchanga, mafuta ya cheni na chumvi. Mji ule unamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na baridi ikizidi sana, tuseme chini ya nyuzi 9 hasi, chumvi ya kawaida inachoka na wao wanaongeza mchanga ili magari yapate kushika. Vyote viwili vinakuja nyumbani kwako juu ya tairi. Maji yalipokauka, sakafu ilibaki na mistari meupe, duara ndani ya duara, kama ramani ya jasho kwenye shati la mpakiaji wa magunia.

Nilifuta. Ikarudi. Chumvi ukiifuta kwa maji kidogo unaitembeza tu. Baadaye nilijifunza kutia siki kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu mengi, kufuta, halafu kufuta tena kwa maji matupu, halafu kukausha. Lakini hiyo ni elimu ya Januari. Novemba nilikuwa bado mjinga mwenye bidii.

Nilitandika maboksi. Nilikumbuka kwetu mama alikuwa akitandika gunia la sukari chini ya Black Mamba wakati wa mvua, nikasema boksi ndiye binamu wa gunia. Boksi linanywa maji vizuri sana, shida ni kwamba halimezi. Linayashika pale pale, limeyakumbatia kwenye mbao, siku nzima. Mbao ya sakafu ikinyeshewa juu na ukaifuta, haina neno. Ikifunikwa na kitu kilicholowa, maji yanaingia kwenye maungio, mbao inavimba kwa chini, pembe zinainuka. Ukipita na soksi unazihisi, moja moja, kama mbavu.

Nikajaribu turubai. Turubai halinywi kitu, lakini ile nyumba ilikuwa imeinama kidogo kwa uzee, na maji yalitafuta mkunjo, yakafuata mkunjo, yakatokea kona ya mbali chini ya kitanda ambako sikuwa naangalia. Nikajaribu kuiweka baiskeli kwenye bafu. Hiyo ilifanya kazi siku tatu, mpaka pedali ilipolichuna bafu, na sasa nikawa na vitu viwili vya kueleza badala ya kimoja. Kuitundika ukutani kwa ndoano ingekuwa dawa, gurudumu la mbele juu, maji yote yanadondoka mahali pamoja. Lakini mkataba ulikataza kutoboa ukuta. Kuiacha nje? Mwenzangu wa kazini alifanya hivyo. Kufuli yake ikaganda akachelewa zamu mbili, na wiki ya tatu hakukuwa na cha kufungua.

Doa lenyewe lilitokea chini ya boksi. Stendi ya baiskeli, ile ya pembeni, ilikuwa imesimama hapo hapo wiki nzima, chuma kilicholowa juu ya mwaloni uliolowa. Mwaloni una ile tindikali iliyomo pia kwenye chai ya rangi, tanini. Ikikutana na chuma na maji inageuka nyeusi kama wino. Si uchafu, kwa hivyo haifutiki. Mbao yenyewe ndiyo imebadilika rangi. Nilisugua mpaka vidole vikaniuma. Doa lilikuwa na ukubwa wa chapati.

Mama mwenye nyumba aliliona Desemba, alipokuja kutoa hewa kwenye bomba la joto lililokuwa likigonga usiku. Alipiga magoti kwa bomba, akamaliza, na alipogeuka ili ainuke akakutana nalo uso kwa uso. Hakuinuka. Alipitisha kidole juu ya doa, akapitisha kwenye mbao zilizoinuka pembe, polepole, ubao kwa ubao. Mimi nilisimama nimeshika kikombe. Angenifokea ningejua la kufanya, nimelelewa kwenye kufokewa. Aliuliza tu, "Ni baiskeli?" Nikasema ndiyo, ni baiskeli, na pole sana. Akasema mbao zikilazimika kubadilishwa amana haitatosha. Kisha akaomba nimpe mkono ainuke.

Tukiwa kwenye majira ya baridi, mimi nikitoka kazini, Busia ni jioni: huku saa mbili asubuhi, kule saa kumi na moja. Ndiyo saa yangu ya kumpigia mama. Siku ile nilimpigia nikiwa nimekaa sakafuni.

"Mama, baiskeli ya baba ikinyeshewa ulikuwa unafanyaje?"

"Kwani huko mna baiskeli?"

"Ninayo."

"Na gari?"

"Bado, mama."

Akanyamaza. Ni kimya cha mama aliyewaambia watu wa kanisa kwamba mtoto yuko Amerika. Nikakiacha kipite.

"Si ulikuwa unatandika gunia?" nikasema. "Mimi nimetandika boksi, limeharibu sakafu ya watu."

"Gunia?" Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Baba, gunia lilikuwa la kumwonyesha baba yako mahali pa kusimamisha. Gunia likishiba maji linafanya nini? Linatapika. Nilikuwa naamka."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa nane. Mvua ikiwa kubwa, saa kumi tena. Nachukua tambara, nafuta pole pole nisiwaamshe. Baba yako alikuwa amechoka, na nyinyi mna shule. Nani mwingine angefuta?"

Kitanda chetu kilikuwa hatua moja kutoka kwenye ile baiskeli. Nililala hapo miaka tisa. Najua mlio wa tairi lake likipita kizingiti, najua harufu ya mnyororo, naweza kukuchorea kengele. Sijawahi hata mara moja kumwona mama akiwa amepiga magoti hapo usiku.

Niliuliza kwa nini hakusema. Akasema aseme nini. Sakafu ya kusiriba ikilowa inaachana na udongo, inabanduka kama ngozi ya kidonda, na kusiriba upya ni mavi, na sisi hatukuwa na ng'ombe. Mavi aliomba kwa jirani, na jirani yule hakutoa bure. Mama alimlimia palizi. Akapiga hesabu hapo hapo kwenye simu, kama mtu aliyewahi kuipiga mara nyingi: kuamka mara mbili usiku, au kulima nusu siku. "Nilichagua tambara," akasema. Halafu akataka kujua kama nimekula.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nilibadilika. Nilichofanya ni kutegesha kengele ya simu. Nilikuwa nikilala saa tatu asubuhi. Nikaitegesha saa tano na nusu, niamke nifute, nirudi kulala. Wiki ya kwanza niliichukia baiskeli, nikamchukia mwaloni, nikamchukia na marehemu aliyeukwangua. Usingizi wa mtu wa zamu ya usiku tayari ni wa kuazima. Ukiukata vipande viwili unabaki na mabaki.

Lakini kengele ilinifundisha kuangalia, kwa sababu nilitaka kuwa na kidogo cha kufuta. Kazi kubwa, niligundua, ni ya nje. Dakika nne pale chini ya ngazi zinaokoa saa nzima ya ndani. Unaiinua baiskeli mbele kidogo na kuiachia, unainua nyuma na kuiachia, mara mbili mbili, theluji ya juu inaanguka. Unapiga burashi ile ya kufutia theluji kwenye magari. Halafu madigadi: hapo burashi haiingii. Nilijaribu fimbo, nikajaribu kisu cha mkate, mwisho nikachukua mwiko wangu wa ugali, ambao nilikuja nao kwenye begi kutoka nyumbani, na ukaingia kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo. Mama mwenye nyumba alinikuta asubuhi moja, giza bado, baiskeli imepinduliwa, mimi naikoroga kwa mwiko. Hakuuliza. Nilinunua mwiko mwingine wa kupikia, usinihukumu.

Ndani niliweka vyombo viwili, karai za plastiki za mstatili zinazouzwa kwa mafundi wa kuchanganyia saruji. Nilizikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bei yake ni ya sahani mbili za wali. Gurudumu la mbele kwenye moja, la nyuma kwenye nyingine. Nilicheka peke yangu kwenye foleni: vifaa vyangu vya kwanza vya saruji vilikuwa hivyo. Katikati ya karai, chini ya pedali, nilitandika taulo, kwa sababu hapo panadondoka hata ukiwa umesafisha kila kitu. Hili lilinisumbua mpaka nikalielewa. Chuma kilichotoka kwenye baridi kikiingia kwenye chumba chenye joto kinatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka friji. Theluji imeisha, lakini baiskeli yenyewe inaendelea kulowa nusu saa nzima, kwa maji yaliyotoka hewani. Pumzi yako mwenyewe, kwa sehemu.

Januari nilivalisha tairi za misumari, zile zenye vipande vidogo vya chuma kigumu vya kushika barafu. Zinashika barafu, na zinashika mwaloni pia. Kwa hivyo ilibidi nipate zulia la kupitishia kutoka mlangoni hadi kwenye karai. Nilienda kwenye maduka ya Wasomali kule karibu na Lake Street, na mzee mmoja aliyeishi Eastleigh miaka mingi akanisikia nikihesabu pesa kwa Kiswahili.

"Kijana, zulia la nini, la kuswalia au la sebule?"

"La baiskeli, mzee."

"Baiskeli! Na hii baridi?" Akaangalia theluji kwenye viatu vyangu. "Wewe utakuwa Mluhya."

Alinipunguzia dola tano, na akaniambia zulia la mgongo wa raba nisiliache juu ya mbao muda mrefu, linaweza kuacha rangi, nililaze lenye mgongo wa kitambaa. Alikuwa amelipia doa la namna hiyo yeye mwenyewe, kwenye nyumba yake ya kwanza. Tulizungumza kuhusu amana kama watu wanaozungumza kuhusu ugonjwa waliougua wote.

Mvua za mwisho za theluji zilikuja Aprili, za kusumbua tu. Mwezi wa Mei, mama mwenye nyumba alipanda juu na kopo la unga mweupe, asidi ya oksaliki, na glavu jozi mbili. Akasema mumewe alikuwa akiutumia kwa madoa ya aina ile, na nisiguse macho. Tulikwangua vanishi ya pale, tukapaka ule unga uliokorogwa kwa maji, tukasubiri tumekaa sakafuni wote wawili, madirisha wazi. Weusi ulianza kuondoka tukiuangalia. Tulirudia mara tatu. Mwisho lilibaki doa la kahawia, la chai ya maziwa. Mbao zilizoinuka pembe zilikuwa zimelala kidogo zenyewe baada ya kukauka, si zote. Alizigusa tena vile vile kwa kidole. Nikamwambia kuhusu kengele ya saa tano na nusu. Akasema alikuwa akiisikia.

Alikata dola 200. Aliniandikia barua yenye maelezo, ndani ya zile wiki tatu, kwa mwandiko mzuri. Niliona ni haki, na bado nilikasirika, na vyote viwili nilikuwa navyo siku ile nilipotuma pesa Busia.

Saruji ilimwagwa Agosti. Baba hayupo kuiona. Alifariki kabla sijasafiri, miaka kadhaa baada ya pikipiki kujaa Busia na kumwacha na wateja wa kuhurumia tu, wazee wenzake. Black Mamba bado ipo. Fundi aliitoa nje ili apate nafasi, akamaliza saa kumi jioni, akamwambia mama asikanyage mtu hadi kesho. Usiku mvua ikapiga. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye hajawahi kumwona babu yake akiipanda, akaamka peke yake, akaona baiskeli inanyeshewa, akaiingiza ndani.

Mama alinitumia picha. Mstari wa tairi umeingia kutoka mlangoni, umepinda kidogo, umefika ukutani mahali pale pale, na karibu yake kuna alama za miguu midogo. Nikampigia nikamwambia fundi arudi azibe, nitatuma ya ziada. Akasema atamwambia.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila nikiuliza, fundi amesafiri.